Mashine ya Kukata Maunti Ikisumbua: Anza na Wembe, Usianze na Skrubu

Katika toleo hili tunazungumza na wale wanaotengeneza fremu za picha. Hapa Nunguni na milima yote ya Kilungu, kama kwingine Ukambani, ni nyumba chache zisizo na picha ukutani. Kuna picha ya harusi, picha ya mtoto siku ya kuhitimu, na picha ya mzee aliyetutoka, ambayo mara nyingi ilitolewa kwenye kitambulisho ikakuzwa ili iwepo siku ya mazishi. Madukani na maofisini kuna picha ya rais. Rais akibadilika, kama ilivyokuwa 2002, 2013 na 2022, fremu nyingi hufunguliwa na kazi hupatikana.

Kazi hii inafaa kikundi. Mbao za grevilia na saipresi ziko karibu, kioo na hadibodi hupatikana, na kupiga misumari si jambo gumu. Mahali penye taabu ni kwenye maunti, yaani ile kadi nene yenye dirisha katikati inayowekwa kati ya picha na kioo.

Wengine hufikiri maunti ni urembo tu. Sivyo. Maunti huzuia picha isigusane na kioo. Picha iliyobanwa kwenye kioo, ikipata unyevu, hushikana nacho, na siku ya kuibandua uso wa mtu hubaki kwenye kioo. Kama hiyo ndiyo picha pekee ya mama ya mteja, huna la kumlipa. Ndiyo sababu tunataka kila kikundi kijue kukata maunti vizuri, na kijue la kufanya mashine inaposumbua.

Hesabu ya hasara

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazoumiza. Kadi ya maunti inayouzwa kwa wingi ina kipimo cha inchi 32 kwa 40, yaani kama sentimita 81 kwa 102. Tuseme unataka maunti za sentimita 30 kwa 35. Ukilaza urefu wa maunti kufuata urefu wa kadi, utapata nne tu. Ukiigeuza, sentimita 30 zifuate upande wa 102 na 35 zifuate upande wa 81, utapata sita. Kadi ni ile ile, na penseli ndiyo iliyokuongezea mbili.

Sasa tuseme kati ya hizo sita umeharibu mbili kwa kona mbovu. Umetupa theluthi ya kadi, na faida ya siku imekwenda nayo. Hapo ndipo watu husema, "Hii mashine imekufa, tuuze." Mara nyingi mashine haijafa. Ina wembe butu, au kuna mtu alizungusha skrubu jana akaondoka bila kusema.

Kwanza tuijue mashine

Mashine hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ndogo ya mkononi, ambayo husukumwa au kuvutwa kando ya rula ya chuma. Ya pili ina ubao mrefu, na juu yake kuna reli ya chuma ambayo kichwa chenye wembe hutembea juu yake. Zote mbili zina mambo haya:

1. Wembe. Huu hukaa umeinama nyuzi 45 ili dirisha liwe na ukingo wa mshazari, ule mstari mweupe unaopendeza jicho.

2. Skrubu ya kina. Hii huamua wembe utokeze kiasi gani chini ya kichwa.

3. Alama ya kuanzia na kusimamia. Ni mstari mdogo kwenye kichwa unaokuonyesha mahali pa kuingiza wembe na mahali pa kuutoa.

4. Kizuizi cha upana, kwa ile mashine ya ubao. Ni chuma kilicho sambamba na reli, ambacho maunti huegemea. Kizuizi hiki ndicho huamua upana wa pembe za maunti.

5. Kadi ya chini. Hii haiji na mashine. Ni kipande cha kadi kuukuu kinacholazwa chini ya ile unayokata ili ncha ya wembe ipate mahali laini pa kushukia.

Kumbuka pia kwamba maunti hukatwa kwa nyuma. Uso wake mzuri unalala chini, na mistari ya penseli inachorwa mgongoni. Ncha ya wembe ielekee upande wa ukingo unaobaki, isielekee katikati ya dirisha. Ukikosea hapo, ule mstari mweupe utajificha nyuma, na hakuna skrubu itakayokusaidia.

Mpangilio wa kukagua

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Kagua kwa mpangilio, na ubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu pamoja na mashine ikapona, hutajua ni lipi lililoponya. Ikizidi kuharibika, hutajua urudishe lipi. Mpangilio ni huu: wembe, kadi ya chini, kina, reli na kizuizi, halafu kona mwisho kabisa.

Wembe. Wachongaji wetu wa Wamunyu, na wale wa ushirika wa Akamba kule Changamwe, Mombasa, ulioanza 1963, wanajua kwamba kifaa butu huharibu kazi na kumchosha mtu. Tofauti ni kwamba mchongaji hunoa, lakini wembe wa maunti haunolewi. Hubadilishwa. Kadi ina mchanganyiko unaomaliza makali upesi, hata kama kwa macho wembe unang'aa. Mafundi wengi huubadilisha baada ya maunti chache tu, na wembe mmoja ni rahisi kuliko kadi moja. Unapoweka mpya, tumia aina ile ile iliyotengenezewa mashine yako, maana wembe mwembamba zaidi hupinda ndani ya kadi. Hakikisha umekaa hadi mwisho wa nafasi yake, kisha kaza skrubu. Ukichezacheza hata kidogo, mkato utayumba.

Kadi ya chini. Itazame. Kama ina mifereji ya mikato ya jana, itoe au isogeze. Ncha ya wembe hupenda kuingia kwenye mfereji wa zamani na kuufuata, na wewe huku juu unalaumu mkono wako.

Kina. Maunti ya kawaida ina unene wa kama milimita 1.4. Kwa kuwa wembe umeinama nyuzi 45, njia yake ndani ya kadi ni ndefu kuliko unene wenyewe, kama milimita 2. Kwa hiyo wembe utokeze milimita 2 na nukta kidogo. Jaribu hivi: kata mstari mmoja kwenye kipande cha kutupa, kisha inua uone kadi ya chini. Ikiwa na mkwaruzo mwepesi, kina ni sawa. Ikiwa imekatwa hadi upande wa pili, kina kimezidi. Ikiwa haina alama yoyote, wembe haujafika. Zungusha skrubu robo mzunguko tu, kata tena, utazame tena. Usizungushe mzunguko mzima kwa hasira.

Reli na kizuizi. Futa vumbi la kadi kwa kitambaa kikavu. Usimwage mafuta ya mashine hapo, yatafika kwenye maunti na doa halitoki. Tikisa kichwa kwa vidole. Kikicheza kushoto na kulia, tafuta skrubu ndogo za pembeni zinazokibana kwenye reli, uzikaze kidogo kidogo hadi kiteleze bila kucheza. Kisha pima umbali kati ya kizuizi na mstari unaopita wembe, juu na chini. Vipimo vikitofautiana hata milimita moja, dirisha litakaa upande.

Kona. Hizi huja mwisho kwa sababu zinategemea kina. Wembe umeinama, kwa hiyo ncha yake haiko mahali pamoja na mgongo wake. Ukiongeza kina, ncha hufika mbali zaidi, na ile alama ya kuanzia haisemi tena kweli. Anayerekebisha kona kabla ya kina atarekebisha tena kesho, na kesho kutwa. Ukibadilisha kadi ikawa nene au nyembamba, rudi kwenye kina, kisha uje kwenye kona.

Dalili na tiba zake

Mkato umepita kona. Ukiangalia usoni, kuna mstari mdogo umevuka kona kama nywele. Kama kina ni sawa, basi unaanza mapema au unasimama umechelewa. Kwenye kipande cha majaribio, anza milimita moja ndani ya mahali ulipokuwa ukianzia, utazame. Ukipata mahali sahihi, chora alama yako mpya juu ya kichwa cha mashine kwa kalamu isiyofutika. Mkato uliokwisha kupita, kama ni mdogo, unaweza kuusugua taratibu kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi safi, na nyuzi za kadi zitajifunga kiasi.

Kona haijaachia. Kipande cha katikati kinakataa kutoka. Tafadhali usikisukume kwa kidole, maana kona itachanika na manyoya. Chukua wembe mkononi, uingize katika ule ule mshazari, umalizie pale palipobaki. Kona zote nne zikikataa, huo si mkato mfupi. Ni kina kidogo, au ni wembe butu.

Mkato unaanza na kipindo kama ndoana. Mstari umenyooka, lakini mwanzoni umepinda. Hapo wembe ulipinda wakati wa kuingia. Sababu kubwa ni nne: wembe umetokeza mno, wembe ni butu, umeusukuma chini kwa pupa, au hakuna kadi ya chini. Ingiza wembe polepole, usubiri kidogo uhisi umetulia, ndipo utembee. Mkono ukandamize reli, usikandamize kichwa cha mashine.

Ukingo una manyoya. Badilisha wembe kwanza. Kama manyoya yanaendelea, huenda kadi ina unyevu. Pia usirudie mkato mara mbili, maana mkato wa pili haupiti mle mle. Manyoya machache huondolewa kwa msasa laini sana, mara moja, kwa upande mmoja.

Mstari unayumba katikati. Kagua kama wembe umelegea, kama kichwa kinacheza kwenye reli, au kama kadi inateleza chini ya reli. Kwa mashine ya mkononi, kagua rula. Rula inayoteleza bandika ukanda wa msasa chini yake, nayo itashika.

Dirisha limekaa upande

Hili hulaumiwa kwa mashine zaidi ya yote, na mara nyingi mashine haina kosa. Kizuizi huegemewa na ukingo wa nje wa kadi. Kama ukingo wa nje wenyewe haujanyooka, dirisha haliwezi kunyooka.

Basi kabla ya kukata dirisha, pima kadi kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, kadi ni sawa. Kukagua skwea yako, tumia hesabu ambayo fundi wa nyumba anaijua: sentimita 30 upande mmoja, 40 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili iwe 50 kamili. Isipokuwa 50, skwea hiyo inadanganya.

Tuchukue mfano. Picha ni ya sentimita 20 kwa 25. Dirisha liwe dogo kuliko picha kwa milimita 3 kila upande, ili picha isidondoke. Kwa hiyo dirisha ni 19.4 kwa 24.4. Ukichukua kadi ya 30 kwa 35, toa 19.4 kwenye 30, ubaki na 10.6, gawanya kwa mbili, ni 5.3. Upande wa pili, toa 24.4 kwenye 35, ubaki na 10.6 tena, nusu yake ni 5.3. Weka kizuizi kwenye 5.3 na ukate pande zote nne bila kukigusa. Dirisha hili likipimwa kwa mshazari, vipimo viwe sawa pia.

Unyevu wa milima yetu

Wenzetu wa nyanda za chini kuelekea Makindu hawana taabu kubwa hapa. Sisi wa Kilungu tunayo. Miezi ya baridi, kuanzia Juni, ukungu huingia hadi ndani ya duka. Kadi ni karatasi, nayo hunywa unyevu, huvimba na kupinda. Ukiikata namna hiyo, wembe huvuta badala ya kukata.

Laza kadi zako bapa juu ya rafu ya mbao. Usizisimamishe ukutani wala kuziweka kwenye sakafu ya saruji. Zifunike kwa plastiki. Kadi zilizolowa kidogo zilaze mahali pakavu chini ya ubao mzito siku moja au mbili kabla ya kazi. Wembe wa akiba nao uuweke kwenye kopo kavu ili usishike kutu.

Mashine ya kikundi ni ya nani?

Mwethya umetufundisha kufanya kazi pamoja, na ni jambo zuri. Lakini skrubu ya kina haiwezi kuzungushwa na watu kumi na wawili. Kila mmoja ana mkono wake. Huyu akikandamiza sana ataona kina kimezidi, apunguze. Yule mwepesi wa mkono ataona hakifiki, aongeze. Kufikia jioni hakuna anayejua mashine iko wapi. Halafu lawama zinaanza kikaoni, na tumejua vikundi vilivyokorofishana kwa jambo kama hili.

Tunashauri hivi. Mchague mtu mmoja mtulivu awe mwangalizi wa mashine, na msaidizi wake. Wote wanaweza kukata, lakini ni hao wawili tu wanaogusa skrubu. Muwe na daftari dogo: tarehe, wembe mpya umewekwa, kina kimebadilishwa robo mzunguko, aliyefanya ni nani.

Pia siku mashine ikikata vizuri kabisa, kateni dirisha dogo la mfano. Andikeni mgongoni tarehe na aina ya kadi, mlifunge pamoja na mashine. Siku yoyote mkiona shaka, kateni jingine, mlilaze kando ya lile la mfano. Macho yataona tofauti upesi, na hakutakuwa na haja ya mabishano.

Nyembe zilizotumika zitieni kwenye kopo lenye kifuniko. Zisitupwe shimoni wala kwenye mbolea ya shamba, watoto wetu hutembea huko bila viatu.

Kabla ya kugusa picha ya mteja

Haya ni machache, lakini yashikeni:

1. Mashine ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kutupa. Mabaki ya ile kadi kubwa, ukanda wa sentimita 12 na ule wa 11, yanatosha kwa majaribio mengi.

2. Picha ya mteja isiwe juu ya meza ya kukatia. Ikae kwenye bahasha hadi maunti iwe tayari na imefutwa vumbi.

3. Kama picha ni ya pekee, ombeni ruhusa muipige kwa simu kwanza, mmpe mwenyewe nakala.

4. Msiibandike picha kwa gamu. Ishikeni kwa vipande vidogo vya karatasi kwenye kona, ili siku moja iweze kutolewa bila kuchanika.

5. Msiweke karatasi ya katoni nyuma ya picha. Katoni ya bei ya chini hugeuka rangi kwa miaka, na asidi yake huigeuza picha manjano. Kama pesa zinatosha, nunueni kadi isiyo na asidi kwa picha za aina hiyo.

Wazee walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wiki hii, kabla ya kazi nyingine yoyote, kaeni na mashine yenu nusu saa. Wekeni wembe mpya, badilisheni kadi ya chini, kateni mstari mmoja, mtazame mkwaruzo. Kama tayari mlikuwa mmeamua kuiuza, iacheni kwanza hadi mmalize ukaguzi huo. Huenda ikawa shida yenu yote ilikuwa wembe mmoja butu, na mashine bado ina miaka mingi ya kuwafanyia kazi.